Orodha Iliyosahau Kwao

6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Jana nilikupigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Leo umenitumia ujumbe wa maneno matatu, "Niandikie barua, baba," nami nimetii, ingawa tangu nimalize masomo mkono umezoea kubonyeza tu na mwandiko umekuwa kama wa kuku aliyekanyaga wino. Usinicheke.

Nina habari. Nimepata kazi, na kazi yenyewe iko kwenye jengo lenu la zamani, redio. Mimi ni karani wa hifadhi. Chumba nilichopewa ndicho kile chenye mlango mnene uliojazwa godoro kwa ndani. Ukiufunga, unasikia mapigo ya moyo wako mwenyewe, na yangu siku hizi yanakwenda mbio. Juu ya mlango bado kuna taa nyekundu. Haiwaki. Ukutani yamebaki matundu ya misumari pale mlipokuwa mkining'iniza sijui nini. Nilipokuwa mdogo ulinileta hapa ukanikalisha kwenye kiti cha kuzunguka na kuniambia nisipumue kwa nguvu. Kiti kipo. Bado kinalia kila ukikigeuza.

Kazi yangu ni kupima. Seva ya zamani, yaani ile mashine inayotunza vipindi vyote, itazimwa mwisho wa Juni. Nafungua kurasa zake, ukurasa mmoja mmoja, nabonyeza, nasikiliza. Kipindi kikisema, kinahamishiwa mashine mpya. Kikinyamaza, naandika "kimekufa", na kitazikwa na mashine yake. Vipindi vya karibuni vinacheza hapo hapo kwenye ukurasa. Vya zamani vina utaratibu mwingine: ukibonyeza, kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, kinapewa orodha ya sauti na kuiita programu ya pembeni ije kuicheza.

Kurasa hizo za zamani zilitengenezwa na marehemu mumeo. Hapa bado wanamwita Mzee Masikio, hata wale ambao hawakumkuta. Chini ya kila ukurasa ameandika mstari mmoja: "Usiposikia, kosa ni la fundi." Nilipouona mara ya kwanza niliunakili kwenye daftari langu.

Niko kwenye kipindi cha majaribio. Mkuu wa hifadhi, tunamwita Bi Mkuu, aliniambia siku ya kwanza, "Wenye akili ninao wa kutosha. Nataka mtu asiyekosea." Tangu hapo nakagua kila kitu mara mbili, kisha nakagua kama nimekagua.

Mwanao,
Karani

15 Mei

Bwana Hakika wangu,

Marahaba. Hilo jina la "Karani" mpe Bi Mkuu. Kwangu utabaki Bwana Hakika, mtoto aliyekuwa anarudi mlangoni kutazama kama umefungwa, huku mimi nikiwa nimesimama hapo hapo na funguo mkononi.

Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma barazani, nikaisoma tena kitandani. Kumbe kile kiti bado kinalia! Mume wangu alikitia mafuta kila Jumatatu na kila Jumanne kilirudia kelele zake. Matundu ukutani ni ya magunia. Tuliyapigilia sisi wenyewe kabla hawajatuletea vitambaa vya maana, na kwa mwaka mzima chumba kilinuka kama ghala. Nilikuwa nasoma habari za wakubwa huku napiga chafya.

Yeye alikaa upande wa pili wa kioo. Mkono mmoja kwenye vitufe, mwingine umeinuliwa, vidole vinahesabu: tatu, mbili, moja. Taa nyekundu inawaka. Nami nasema, "Watoto wa karibu na watoto wa mbali, sogeeni." Umesahau? Kipindi chenyewe kiliitwa Kabla ya Taa Kuzimwa. Wewe ulikuwa unalala kabla hakijaisha, halafu asubuhi unadai kwamba umekisikia chote.

Sasa nina ombi. Kuna hadithi ya mbuni aliyemeza saa. Ukiifikia, isikilize mpaka mwisho uniambie kama ipo. Mimi sina nakala. Tuliamini redio itatutunzia.

Kuhusu simu, usijali. Siku hizi sina hamu nayo. Barua inanitosha, nairudia ninavyotaka, na haikati.

Na usiogope hovyo. Mtu anayeogopa sana kukosea hushika kitu kwa nguvu mpaka kikavunjikia mkononi.

Shangazi wa Redio (mstaafu)

24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Vipindi vya watoto bado sijavifikia. Vipo vingi mbele yake, habari, michezo, matangazo ya vifo. Nikimfikia mbuni nitakwambia.

Kuna jambo linanisumbua na sijui nilianze vipi. Nilikupigia tena Jumapili. Ulipokea. Nikasema, "Shangazi, shikamoo," ukanyamaza. Nilikusikia unapumua. Nikasema, "Shangazi, ni mimi," ukakata. Kama nimekukosea, niambie. Nimejaribu kukumbuka kosa lenyewe. Labda ni kwa sababu sikuja kukuaga ulipohamia kwa dada. Nilikuwa kwenye mitihani, lakini ningeweza kuja jioni, najua.

Swali jingine, dogo tu. Mzee Masikio alikuwa mtu wa haraka haraka kwenye kazi yake? Yaani, inawezekana kuna mambo aliyaacha nusu? Nauliza tu.

Mwanao

31 Mei

Bwana Hakika,

Hujanikosea chochote. Futa hilo kichwani sasa hivi, kisha ukague kama limefutika. Simu ina matatizo yake na mimi nina yangu. Tuiache hapo.

Swali lako limenichekesha, halafu likanikera. Mume wangu aache kazi nusu? Huyo alikuwa anakunja nyaya kama anamkunjia mtoto nguo. Nakumbuka alipokuwa anazijenga hizo kurasa. Vijana wa ofisi walimwambia aandike anwani kamili ya kila sauti, ndefu kama treni. Alikataa. Akasema, "Hii mashine watatuhamisha nayo tena, na kila tukihama nitaandika upya? Niache nielekeze kama ninavyoelekeza watu." Na unajua alivyokuwa anaelekeza watu. Hakujua jina la mtaa hata mmoja. "Hapo uliposimama, geuka kulia, mlango wa pili." Siku moja alimwelekeza mgeni wetu kwa simu namna hiyo hiyo. "Hapo uliposimama, mlango wa pili." Kumbe mgeni amesimama upande mwingine wa mji! Aliingia kwa watu asiowajua, wakamkaribisha, akala, ndipo akauliza mwenyeji yuko wapi.

Na kweli tulihamishwa. Ghorofa ya juu, ghorofa ya chini, kisha ile nyumba ya nyuma iliyovuja. Kila mara aliibeba hifadhi nzima kama ilivyo, akaiweka chini, ikacheza. Hakuna neno lililopotea. Alijivuna wiki nzima.

Mbuni vipi? Nauliza tu, kama wewe unavyouliza tu.

Shangazi

5 Juni

Mdogo wangu,

Usishangae kuniona mimi. Mama, Shangazi yako, hajui kwamba nakuandikia, na usimwambie.

Nimeikuta barua yako chini ya mto wake, ile unayouliza umemkosea nini. Siwezi kukuacha hivyo. Mwezi wa pili Mama alifanyiwa upasuaji wa kooni. Ugonjwa wameutoa wote, anakula, anatembea, anagombana na mimi kwa ishara. Lakini sauti haipo tena na haitarudi. Siku ile uliyopiga alidhani ukisikia anapumua itatosha.

Alinikataza kumwambia mtu yeyote upande wa kwenu. Anasema watu wanaikumbuka sauti yake, waache waendelee kuikumbuka, asije akawapa kimya badala yake.

Hasemi sana kuhusu mbuni wake, lakini kila mtu wa posta akipita anasimama dirishani. Kama unaweza kuitafuta hadithi hiyo mapema, itafute. Ndiyo sauti yake iliyobaki, nadhani anataka kuisikia.

Dada yako

11 Juni

Dada,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, na watu wamenipita pembeni kama maji.

Sasa nisikilize, na ukimaliza unaweza kunichukia. Nilimdanganya Shangazi. Vipindi vya watoto nilivipima kabla hata ya kumwandikia kwamba sijavifikia. Nilibonyeza kimoja baada ya kingine. Programu ya sauti ilifunguka, ikaandika "haipatikani", ikanyamaza. Nikaandika "kimekufa" kwa kila kimoja. Kabla ya Taa Kuzimwa, kipindi kizima, pamoja na mbuni. Nikatia saini na kumpelekea Bi Mkuu. Nilikuwa naogopa kuchelewa. Barua ya Shangazi ilipofika, taarifa ilikuwa mezani kwa Bi Mkuu, na sikuwa na ujasiri wa kumwandikia mama mzima kwamba nimemzika.

Lakini kuna jambo limetokea.

Juzi, baada ya kusoma ile habari ya Shangazi kuhusu mgeni aliyekula nyumbani kwa watu, nilimfungua mbuni tena, ili nijitese tu. Nikabonyeza. Programu ikafunguka. Na badala ya kimya, mwanamume akaanza kusoma kwa sauti nzito: "Ng'ombe wa daraja la kwanza, bei imepanda kidogo."

Fundi wetu wa kompyuta alikuwa mlangoni. Tunamwita Zima-Washa, maana dawa yake ya kila ugonjwa ni kuzima na kuwasha. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo mbuni wenu amekua!"

Mimi sikucheka. Zile bei za ng'ombe nilizijua. Mtangazaji wa masoko aliniomba nimtunzie siku chache nyuma, na faili lake linaitwa 001. Lipo kwenye kompyuta yangu mimi, kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Seva ya zamani haijawahi hata kuliona. Hadithi ya mbuni imeligusaje?

Ndipo nikaifungua ile orodha yenyewe nikaisoma kwa macho. Dada, orodha haina sauti ndani yake. Ina majina tu: 001, 002, 003. Haisemi zinakaa wapi, kwa sababu Mzee Masikio alijua orodha na sauti zake zinakaa chumba kimoja. "Hapo uliposimama, mlango wa pili." Zamani kivinjari kiliipa programu anwani, nayo ikaifuata orodha kule kule kwao. Kivinjari cha siku hizi kinashusha nakala ya orodha, kinaiweka kwenye folda yangu, halafu kinaiambia programu: chukua hii, cheza. Hakiiambii imetoka wapi. Programu inasoma "mlango wa pili", inageuka kutazama, na mlango wa pili kwangu ni barua yangu ya kuomba kazi, picha yangu ya kitambulisho, na bei za ng'ombe.

Nikainakili anwani kamili ya orodha nikaibandika mwenyewe ndani ya programu ya sauti. Kukawa na mkwaruzo kidogo. Kisha: "Watoto wa karibu na watoto wa mbali, sogeeni."

Zima-Washa akaacha kucheka. Akakaa sakafuni.

Vyote viko hai, Dada. Nimevijaribu vingi. Mwezi mzima nimekuwa nikiandika vyeti vya vifo vya watu wanaopumua. Kesho naingia kwa Bi Mkuu.

Mdogo wako

20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mbuni amepatikana. Kabla hujafurahi, ujue nilikuwa nimempata mapema na nikamtangaza amekufa, yeye na kipindi chako chote, nikakuandikia kwamba sijamfikia. Ulikuwa uongo. Naomba unisamehe, au unigombeze kwanza halafu unisamehe.

Kosa halikuwa la fundi. Orodha zake ziko sawa. Kivinjari kilikuwa kinazichukua kwao na kuzileta kwangu bila kusema zimetoka wapi, na programu ikawa kama yule mgeni wenu, imeingia nyumba isiyo yake. Ulinipa jibu kwenye barua bila kujua nimekwama, nami nilikaa nalo siku kadhaa bila kulitambua.

Nilikwenda kwa Bi Mkuu. Alikuwa anasaini karatasi, hakuinua kichwa.

"Sema."

"Taarifa yangu ina makosa, Bi Mkuu."

"Ukurasa gani?"

"Yote ya zamani."

Kalamu ikasimama. "Mwezi mzima ulikuwa unapima nini, kijana?"

"Nilikuwa naipima kompyuta yangu mwenyewe. Nilidhani napima hifadhi."

Akasema nithibitishe. Kompyuta yake haina ruhusa ya kuifikia seva ya zamani, kwa hiyo nilirudi kwangu, nikazishusha sauti za mbuni pamoja na orodha yake, nikaziweka pamoja kwenye folda moja, nikaibeba kompyuta yenyewe mpaka mezani kwake. Nikabonyeza. Orodha ikawaona wenzake, ikacheza.

Alisikiliza. Mbuni akameza saa. Mbuni akaanza kutembea kijijini huku tumbo lake linafanya tiki, tiki, tiki.

"Zima," akasema. "Nina mkutano."

Nikazima. Akakusanya karatasi zake, akafika mlangoni, akarudi nusu. "Aliitoa?"

"Nani, Bi Mkuu?"

"Mbuni! Saa, aliitoa?"

"Sijui. Umesema nizime."

"Hebu washa."

Mkutano ulimsubiri.

Hukumu yangu ni hii: nirudie kupima vyote kabla mashine haijazimwa, na majaribio yangu yameongezwa muda. Hakunifukuza. Nilipotoka aliniambia, "Nilisema nataka mtu asiyekosea. Huyo sijampata bado. Kwa sasa nitakutumia wewe." Nimekuwa nikila chakula cha mchana mkono mmoja, mwingine unabonyeza, na Zima-Washa, fundi wetu wa kompyuta, ananisaidia.

Nimekutumia mbuni kwenye flashi, pamoja na barua hii. Usiitoe orodha nje ya folda yake, ikae na wenzake. Tena tumekutengenezea vizuri. Ile ya asili ilikuwa na kasoro katikati, pale mtoto anapojificha kwenye majani na kunakuwa kimya: mtu anakohoa, kikohozi kikubwa kabisa, kinaharibu kila kitu. Zima-Washa anajua kazi hizo. Amekiondoa, huwezi kujua kilikuwepo. Ameipenda kazi yake mpaka ameiweka hiyo safi kwenye mashine mpya, mahali pa ile ya zamani. Sasa ni sauti yako peke yako.

Ni nzuri, Shangazi. Nilikuwa nimesahau jinsi unavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo la kuchekesha.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Flashi imefika. Dada yako ameichomeka, tumekaa wote wawili, nimesikiliza.

Kwanza, najua kwamba unajua. Dada yako hajui kuficha hata sufuria. Tangu amekuandikia ananipikia kama mgeni. Nimemsamehe, na wewe nimekusamehe ule uongo, maana na mimi nilikuficha langu. Tumetoka sare.

Pili, nakushukuru kwa kuingia kwa yule mama. Nakuona kutoka hapa ukiurudia mlango wake mara mbili kabla ya kubisha.

Sasa la tatu, nalo si la kukuumiza, ila nikilinyamazia tutakuwa tumerudi kule kule. Mlidhani natafuta sauti yangu. Sauti yangu naijua, nimeishi nayo maisha yangu yote, ninayo kichwani naitumia kila siku. Hata sasa nakuandikia kwa hiyo hiyo.

Miaka yote ile tuliyofanya kazi pamoja, mume wangu hakusikika redioni hata mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Fundi mzuri hasikiki, alikuwa akisema. Picha zake ninazo, saa yake ninayo, viatu nimempa kaka yako. Sauti yake hakuna aliyeirekodi, kwa sababu mwenye kurekodi alikuwa ni yeye.

Isipokuwa siku ile ya mbuni. Alikuwa na mafua, na mlango wa kioo haukufungwa vizuri. Amejizuia, amejizuia, nimemwona anakuwa mwekundu kama taa yake. Mtoto kajificha kwenye majani, kimya kimetanda, na yeye, koho! Nikasema, "Pole, ukuta," nikaendelea na hadithi. Tulipomaliza alitaka kukikata. Nikamwambia akikata, mimi nahama nyumba. Akakiacha.

Kwa hiyo jana nimesikiliza, nimesubiri. Mtoto kajificha. Kimya. Halafu nasema, "Pole, ukuta." Nasema pole, na hakuna aliyekohoa.

Najua mashine ya zamani imezimwa jana. Usijilaumu, mlifanya kwa upendo, na mwambie huyo Zima-Washa kazi yake ni safi kweli. Ni safi mno. Hilo tu.

Shangazi yako

8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nilipoisoma barua yako nilishuka kwenye chumba cha mashine nikikimbia, mimi ambaye sijawahi kukimbia ofisini. Seva ya zamani ilikuwa imeshachukuliwa. Mahali ilipokaa pamebaki vumbi la umbo lake. Kwenye mashine mpya ipo ile safi tu. Zima-Washa aliposikia alishika kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Karani, hii haizimwi ikawashwa." Nimesikiliza tena pale pa "Pole, ukuta." Nilidhani ni sehemu ya hadithi. Nilidhani kuna ukuta umeumia.

Nilikaa kwenye kile kiti. Kikalia. Nikafikiri kama Mzee Masikio: hapo uliposimama. Hapo nilipo, mlango wa pili kuna nini?

Shangazi, unakumbuka nilizishusha sauti za mbuni ili nimchezee Bi Mkuu? Nilizishusha kabla Zima-Washa hajagusa kitu. Nikafungua ile folda ya vilivyopakuliwa, ile ile iliyonidanganya mwezi mzima. Barua yangu ya kuomba kazi. Picha yangu ya kitambulisho. Bei za ng'ombe. Na chini kabisa, ile folda ya mbuni, orodha na wenzake ndani yake, vile vile nilivyowaacha.

Sikuthubutu kusikiliza peke yangu. Nilimwita Zima-Washa, tukafunga mlango mnene. Mtoto kajificha. Kimya.

Sitakuelezea. Ipo kwenye flashi hii, sijaigusa, hakuna aliyeigusa. Na kwenye mashine mpya nimemwomba Bi Mkuu ruhusa ya kuirudisha kama ilivyokuwa. Aliniuliza sababu. Nikamwambia kwenye ile safi tulimkata mtangazaji mmoja. Akasaini.

Chini ya kurasa mpya nimeuacha mstari wake.

Mwanao,
Hakika

15 Julai

Bwana Hakika,

Nimesikia.

Dada yako yuko jikoni, anajifanya anakata vitunguu. Tumeirudia mpaka na paka anajua mahali penyewe, anainua kichwa kabla. Leo asubuhi nilikaa peke yangu karibu na kile kispika kidogo, nikafumba macho, mtoto akajificha kwenye majani, nami nikainua mkono nikamhesabia kwa vidole: tatu, mbili, moja. Akakohoa.

Nije mwisho wa mwezi? Nataka kukiona hicho kiti. Sitaongea, kwa hiyo mwambie Bi Mkuu asiogope, sitavuruga mtu kazini. Nitaketi tu, nizunguke nacho mara moja.

Na ule mstari chini ya kurasa, uache. Lakini siku ukipita peke yako kwenye ule mlango mnene, mwambie fundi kwamba hana kosa.

Shangazi wa Redio